Nyota ya Uzi Mwekundu

Kaka yangu anafundisha Kiingereza katika shule moja ya bweni. Katika shule hiyohiyo mama yetu alifua mashuka ya bweni kwa miaka ishirini na sita, na hakuna aliyejua kuwa hawa ni mama na mwana. Kaka alipoajiriwa alisema wazazi wake walishakufa. Mimi nilikuwa napiga pasi palepale dobini, habari zikanifikia. Nilitaka kwenda kumuumbua mbele ya wenzake, mama akanizuia. "Mwache mwenzio apate heshima yake." Heshima gani hiyo, jamani?

Sasa mama alikuwa anastaafu Ijumaa. Alimwomba kaka kitu kimoja tu: amsindikize hadi getini, amwite mama mbele za watu, mara moja. Kaka akajibu, "Nitaona."

Jumatano tukawa tunaanika mashuka nyuma ya darasa lake, dirisha wazi. Alikuwa akifundisha kile kitenzi chake cha kila mwaka, cha kusema mtu anatoka wapi. Anakifundisha vizuri, haki yake simnyimi. Akawaambia kinatumika kwa mtu na kwao, kwa chai na shamba lake, kwa harufu na jiko lake. "Hata ukihama ukiwa mtoto ukazeekea mbali," akasema, "bado utasema unatoka kule. Haiishi." Mama akatabasamu peke yake.

Pale dobini kila shuka lina namba ya mwenyewe, imeshonwa kwa uzi mwekundu. Mashati ya kaka, tuliyomfulia palepale, hayakuwa na namba. Mama aliyashonea kinyota ndani ya kola, kama alivyomshonea tangu chekechea ili nguo zake zisipotee. Kinyota hichohicho kilikuwa kwenye aproni yake mwenyewe. Siku hiyo kulikuwa na joto, kaka kafungua vifungo, kola imelala nje.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo nyota inatoka kwa yule bibi wa dobini? Na yeye anayo."

Kaka akatazama dirishani, akatuona. Nikasema moyoni, haya, umerahisishiwa kazi, sema basi!

"Hawa wafuaji," akasema, "wanachafua nguo za watu kwa nyuzi zao. Nitawashtaki ofisini."

Darasa likacheka. Mama alimaliza kuanika shuka alilolishika, akalinyoosha pembe zote nne.

Kesho yake alikaa na wembe, akafumua nyota kwenye mashati yote saba. Nikapandisha sauti: "Mama, si afumue mwenyewe!"

"Ameshasema zinachafua," akanijibu.

Ijumaa tulifika getini wawili tu. Kaka alikuwa dirishani, ofisi ya walimu, shati jeupe pee. Mlinzi akapokea mzigo wa mama akauliza, "Bibi, una binti huyu tu? Hukujaliwa wa kiume?"

Mama hakugeuka nyuma. "Huyu tu, baba."

Miaka yote nilitamani kaka aadhibiwe. Nilipolisikia hilo, mimi ndiye niliyelia.