Mpimaji aliyejifunza kuuliza ‘Kooni kumepita nini?’

Saa moja na nusu asubuhi, Alhamisi. Katika chumba namba sita cha hospitali, mpimaji wa ultrasaundi anaikanda chupa ya jeli viganjani ipate joto. Kabla hajamlaza mgonjwa kitandani, anauliza swali lake.

“Mama, tangu jana jioni kooni kumepita nini?”

“Sijala kitu, dada,” anajibu mgonjwa, fundi cherehani wa miaka arobaini na mmoja.

“Sijauliza kula. Nimeuliza kooni.”

Fundi anaangalia viatu vyake. “Basi chai tu. Kikombe kimoja. Ya rangi, lakini.”

Mpimaji anarudisha jeli mezani. Leo saa kumi jioni ndiyo mwisho wa muda aliopewa, na huyu, aliyekuja kwa kipimo chake cha pili, ndiye mgonjwa wa arobaini na wa mwisho.

Kwa swali hilo wagonjwa wamembandika jina la Mama Kooni. Jina lenyewe lilimtoa jasho.

Wengi huijua ultrasaundi kwa wajawazito. Yeye huitumia kuuangalia mfuko wa chakula ukiwa kazini, kwa watu ambao kila wakila hujaa, hucheua na kuungua kifua. Huupima ukiwa mtupu, humpa mgonjwa nusu lita ya supu nyepesi, kisha huupima tena baada ya dakika moja na baada ya dakika kumi na tano. Huhesabu pia mikazo yake, ambayo kwa kawaida ni kama mitatu kwa dakika. Hapo huona kama chakula kinashuka au kinajivuta.

Mwaka jana alimpima dereva wa lori aliyeapa hajala. Mfuko ukaonekana umejaa, naye akaandika kwamba chakula hakishuki. Dereva akapewa dawa asiyoihitaji, ikamfanya asinzie kwenye usukani wiki tatu nzima.

“Kumbe alikunywa uji,” anasimulia. “Nilipomuuliza akaniambia, ‘Dada, uji unanywewa. Wewe uliniuliza kama nimekula.’ Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakunidanganya hata kidogo. Swali langu ndilo lilikuwa bovu.”

Daktari mkuu akavisimamisha vipimo hivyo. Mama Kooni akawa mtu wa kubisha hodi ofisini kwake, miezi minane, bandu bandu. Nyumbani mumewe akamtania: “Matumbo ya watu unayajua mpaka ndani, langu linanguruma hulisikii!”

Mwishowe akapewa sharti: kufikia Alhamisi hii apime wagonjwa arobaini, kila mmoja siku mbili tofauti. Majibu yakifanana, vipimo vitarudi. Yasipofanana, asahau. Na mgonjwa haambiwi jibu mpaka kipimo cha pili.

Fundi cherehani amelisubiri jibu hilo miaka sita. Akila vijiko vinne, ameshiba. Kamera iliyoshushwa tumboni haikuona kidonda, na nyumbani, wifi yake akiwa wa kwanza, wanasema anadeka ili asipike. “Ugonjwa usioonekana unakufanya mwongo,” anasema.

Ndiyo maana asubuhi hii anabembeleza. “Nipime tu, dada. Chai itakuwa imeshapita. Nani atajua?”

“Nikikupima leo utatibiwa chai, mama. Nenda nyumbani.”

Saa kumi kasoro, Mama Kooni anapeleka orodha yake. Mistari thelathini na tisa imekamilika, na majibu yanafanana. Kwenye wa arobaini ameandika: Amekunywa chai. Hakupimwa.

Daktari mkuu anausoma mara mbili. “Ungeweza kunyamaza.”

“Ningeweza, daktari. Halafu tungempata dereva mwingine anayesinzia.”

Mzee anavua miwani, anafikicha macho. “Mlete kesho. Nitakuja kuona mwenyewe.”

Ijumaa chumba kina watu watatu. Fundi hangoji swali. “Leo hata mate nimeyameza kwa adabu,” anasema, na daktari mkuu anashindwa kuzuia kicheko.

Supu inanywewa. Dakika kumi na tano zinapita, na kwenye kioo cha mashine karibu supu yote ingali pale pale, kama ilivyokuwa kwenye kipimo cha kwanza. Daktari mkuu anasogea, anahesabu mikazo kwa vidole. Ni michache na dhaifu. Anaiweka orodha juu ya paja lake na kuitia sahihi palepale.

“Vipimo virudi, kila Alhamisi,” anasema, na kuondoka.

Mama Kooni anaketi. Hafichi furaha yake. Anapanga kufundisha wauguzi wawili kabla mwaka haujaisha, na somo la kwanza halitagusa mashine. “Watajifunza kuuliza,” anasema. “Kioo hakikuambii mtu amekunywa nini.”

Kitandani, fundi bado anajifuta jeli. “Kwa hiyo kweli hakishuki?”

“Kweli, mama. Hukuwa unadeka. Na sasa daktari wako anajua pa kuanzia.”

Machozi yanamtoka fundi, naye anayaacha yatoke. Kisha anaomba karatasi.

“Niandikie hapo, dada. Kwa herufi kubwa. Wifi yangu haoni vizuri.”