Kilimi cha mutoto wa dada

Mutoto wa dada yangu alikohoa wiki nzima, na asubuhi moja mabukwe wa dada, yaani mama wa bwana yake, akasema basi, hii ni kilimi. Kesho wataenda Magara kwa muzee anayekata.

Kilimi ni kale kanyama kananing'inia nyuma kwenye koo. Kwetu wengi wanasema kikohozi kikikataa kupona, kale njo kanamusumbua mutoto, kakatwe. Na huyu hata mwaka hajafikisha. Dada aliniambia kwa simu, niko mujini Rumonge, na sikuweza tena kukaa. Nikapanda pikipiki mpaka Gatete. Nilimuhimiza mushoferi akimbize, akikimbiza ninaogopa.

Nilimukuta dada mulangoni na mutoto mugongoni, moshi ya kupika mawese inaingia mpaka ndani. Mabukwe alikuwa ameshafunga kuku miguu, ya kumupelekea yule muzee. Nikaanza palepale: damu, kidonda, mikrobe, yote tulisoma kwa biolojia. Alinisikiliza vizuri kabisa. Kisha akasema watoto wake wote walikatwa.

"Hata bwana ya dada yako. Unaona koo inamusumbua? Anaongea mpaka tunachoka."

Dada alicheka. Akamuomba mabukwe atuache tupite kwanza santé, kwenye kituo cha afya, na yule akakubali: mukirudi na dawa, sawa, mukirudi mikono mitupu, kesho Magara.

Kule santé watu walikuwa wengi. Nilikaa, nikasimama, nikatoka nje, nikarudi, mpaka dada akaniambia ninamuchokesha kuliko mutoto. Mwishoni enfirmie, muuguzi wa pale, alipandisha shati ya mutoto, akaangalia kifua huku anatazama saa, akasikiliza mugongo. Akasema mapafu ni mazima, ni mafua tu. Siro, dawa ya maji ya kikohozi, hapana, hata asali hapana, bado ni mudogo. Anyonye sana, asafishwe pua, atoke kwenye moshi. Lakini mbavu zikianza kuingia ndani akipumua, ao akikataa ziwa, tukimbie turudi saa ileile. Na kilimi, dada akauliza. Kilimi kisiguswe.

Nikauliza kama hawezi kutupa hata kachupa kamoja. Alikuwa ameshaita mwingine.

Kwa hiyo dawa ya kweli ilikuwa hakuna dawa, na mabukwe anangoja chupa. Tulipopita kwenye farmasi nilimushika dada mukono: tununue siro yoyote, tumuonyeshe tu, yaishe. Nilikuwa nimeshaingiza muguu mumoja ndani.

"Tukimupelekea chupa, atamunywesha," dada akasema. "Unamujua."

Nilimujua. Tukarudi bila kitu, na njia yote nilikuwa natafuta maneno makali.

Mabukwe aliuliza dawa iko wapi. Nikafungua mudomo, dada akanitangulia. Akamuwekea mutoto kwenye magoti, akapandisha shati.

"Mama, wamesema hapa kwenye mbavu paangaliwe, kama panaingia ndani. Mimi huyu ni wa kwanza, sijui kuangalia. Wewe umelea wengi."

Mabukwe akaweka kiganja kwenye kifua ya mutoto, akakaa hivyo muda murefu. Mimi nilikuwa natembea kutoka mulangoni mpaka kwa kuku na kurudi. Kisha mabukwe akauliza walisema nini tena. Dada akamuambia ya moshi. Mabukwe akaniangalia mimi.

"Wewe unatembeatembea, hamisha ile moto, upeleke nyuma ya migazi ya mawese. Na Magara tuache kwanza, mimi niko naangalia hapa."

Nilihamisha moto na kujiunguza kidole. Siku zile, nimesharudi mujini, nilipiga simu mpaka dada akaacha kuzipokea. Kikohozi kilienda chenyewe, polepole, bila kuuliza haraka yangu, na mabukwe anasema ni yeye alimuponyesha. Yule kuku tulimukula.

Sasa mutoto anatembea, na akinyimwa kitu anafungua mudomo wote kulia. Kila mara ninachungulia nyuma kwenye koo. Kako pale, kanatikisika.