Sanamu Iliyopasuka Motoni Kasense

Juma lililopita mjukuu wangu wa kike alitandaza juu ya meza yangu, hapa Malangali, vipande vya sanamu ya resini, ile plastiki ngumu ya kumimina: kichwa, kiwiliwili, mikono miwili na miguu yenye buti. Nilipotaka kuokota mkono mmoja, alinizuia. "Babu, acha kwanza! Sijaviosha. Vina mafuta ya kalibu vilimomiminwa, rangi haitashika." Akaviosha kwa maji ya sabuni, akavikausha, akasugua kingo kwa msasa, kisha akavipachika vyote bila gundi ili aone kama vinakaa. Msomaji wangu, mimi si mtu wa kusifu ovyo. Lakini utaratibu huo wa kujaribu kabla ya kugandisha niliwahi kuuona katika ua wa bibi yangu, kijijini Kasense, nilipokuwa bado mtoto wa kaptura.

Bibi alikuwa mfinyanzi. Alifinyanga kiangazi, ulezi ukiwa umeshavunwa na upepo wa Ufipa ukipasua midomo. Tulichimba udongo bondeni, tukautwanga, tukauchekecha, tukauchanganya na vigae vya vyungu vikuukuu vilivyosagwa. Ulipolowa, ulinukia kama mvua ya kwanza. Mchana tulikula ugali wa ulezi na samaki wakavu waliotoka Muze, kule chini ziwani, udongo ukiwa bado umetuganda kuchani.

Mwaka mmoja mwalimu wetu wa kazi za mikono alituagiza sanamu. Nikaamua kumfinyanga mkulima na jembe lake, kila kiungo peke yake. Bibi alinifundisha kuchanja pande mbili zinazokutana, kuzipaka uji wa udongo, kisha kuzibana. Sharti lake lilikuwa moja: kiwiliwili kichimbwe ndani, kibaki na uwazi kama chungu.

"Mume wangu," aliniuliza, kwa utani wa mabibi wa kwetu, "huyo mwenzio umemtoa matumbo?"

Nikajibu kwamba nimemtoa. Sikuwa nimemtoa. Nilitaka sanamu yangu iwe nzito kuliko za wenzangu.

Siku ya kuchoma, jirani yetu, mwanamke wa familia ya wafugaji iliyohamia kwetu kutoka kaskazini-magharibi, alituletea kapu la samadi kavu ya kuchochea moto. Akaitazama safu ya vyungu, akasema, "Vizuri hivi! Sijapata kuona kama hivi." Akaenda zake. Moto ulipokolea, kukasikika mshindo. Sanamu yangu ilikuwa imepasuka, na vipande vyake vimevunja mitungi mitatu.

Wanawake waliokuja kusaidia hawakungoja majivu yapoe.

"Ni jicho la yule. Si mmemsikia alivyosifu?"

"Mimi maziwa yake sinywi tena."

"Na kisimani asubiri tumalize sote."

Kabla jua halijatua, jirani yule alikwishazuiwa kisimani, ndoo mkononi, bila kuambiwa kosa lake. Nami nililijua jibu, nikalimeza.

Bibi hakubishana na mtu. Asubuhi aliviokota vigae vyangu vyote majivuni, akaviweka kwenye ungo, akawaita wanawake wale, kisha akaniita mimi. "Kaa hapa. Mrudishe alivyokuwa."

Nikaanza kuunganisha kwa ulimbo tuliokuwa tukinasia ndege. Kichwa kilikuwa kizima, mikono mizima, miguu mizima. Kiwiliwili pekee ndicho kilichosambaratika, na kila kipande chake kilikuwa kinene kama kisigino. Kilipokamilika, hapakuwa na uwazi wowote ndani. Kwamba unyevu uliofungiwa mle uligeuka mvuke na kutafuta njia, nilikuja kujifunza baadaye darasani. Asubuhi ile nilijua tu kwamba wote wanaona.

"Nani alisema amemtoa matumbo?"

"Mimi, bibi."

"Basi jicho ni lako. Mpelekee jirani, umweleze kwa kinywa chako."

Nikaenda. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Nikamweleza yote nikitazama miguu yake. Akaichukua sanamu, akaipima uzito mkononi, akacheka hadi akaketi chini. "Kashiba hivi, angeachaje kupasuka!" Kisha akafuta macho kwa upindo wa khanga, akanimiminia maziwa ya mgando. Niliyanywa nikiwa nimesimama mlangoni pake, ili wapitao wanione.

Wanawake wale walirudi kwake mmoja baada ya mwingine kufuata maziwa, na kisimani wakampisha. Sikumsikia hata mmoja akimwomba radhi, na nilisikiliza kwa makini. Baada ya miaka michache familia ile iliteremka na ng'ombe wake kuelekea Muze. Bonde la udongo sasa limejaa nyumba za matofali, na bibi alitangulia zamani. Watu husema kwamba enzi zile tulipendana zaidi. Sina ushahidi wa hilo. Ninachokijua ni kwamba palikuwa na ua mmoja, Kasense, ambamo maneno ya watu yalisubirishwa mpaka kigae cha mwisho kiokotwe. Mwenye ua huo hayupo, na sijaona aliyeurithi.