Baba Alisema Sifuri

Baba yangu aliendesha malori ya mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma mpaka macho yalipomshinda. Daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho, kwamba uoni uliopotea haurudi, na kwamba asiguse tena usukani. Akaja kukaa kwangu Mbeya ili awe karibu na kliniki. Asubuhi alikaa kibarazani na kofia yake ya pama, akisikiliza malori yanavyobadilisha gia mlimani, akiniambia lipi limezidisha mzigo.

Wakati huo nilikuwa msaidizi kwenye utafiti wa kichefuchefu cha safari. Kazi yangu ilikuwa kukaa na mshiriki ndani ya gari, na kila baada ya muda mfupi kumuuliza, "Kuanzia sifuri hadi ishirini, unajisikiaje?" Sifuri ni mzima kabisa. Ishirini ni kutapika.

Msimamizi wetu, mama mmoja mpole tuliyemwita Daktari, alitueleza mambo kwa lugha nyepesi. Ndani ya sikio kuna vijifereji vyenye maji, na mwili ukisogea maji yale huuambia ubongo. Ukikaa garini ukitazama simu, macho yanasema umetulia, sikio linasema unakwenda, na ubongo hujikuta na mashahidi wawili wasiopatana. Dereva hasumbuki sana, kwa sababu anaijua kona kabla haijafika. Ndiyo maana Daktari alitaka kujua dereva mzoefu akikalishwa kiti cha nyuma, asione barabara, atakuwaje.

Tatizo, madereva wa zamani hatukuwapata. Siku moja kwenye kikao nikasema, "Mimi ninaye mmoja nyumbani." Hakuna aliyeniomba. Nilitaka tu kuonekana nimeleta kitu.

Baba alicheka nilipomweleza. "Mimi nitapike kwenye gari? Binti yangu, nimepakia watu waliotapika njia nzima. Mimi hapana."

"Madirisha yatafunikwa, baba. Hutaiona barabara."

"Kwani sasa hivi naiona?"

Alielezwa yote, akaweka saini, akaambiwa anaweza kusema basi wakati wowote. Tukaondoka na gari dogo la mradi kuelekea Chunya, njia inayopanda kwa kona juu ya kona. Kona za kwanza alikuwa akinihadithia habari za breki. Kisha akanyamaza.

"Baba, sifuri hadi ishirini?"

"Sifuri."

Akapiga mwayo. Akapiga mwingine. Jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo, na ilikuwa baridi, sote tumevaa masweta. Nilikuwa nimefundishwa dalili hizo hata kabla ya kufundishwa kutumia kishikwambi cha kuandikia majibu. Nikauliza tena.

"Sifuri, mama."

Nikaandika sifuri. Utaratibu unasema andika anachosema mshiriki. Lakini utaratibu huohuo unasema ukiona hali ya mtu inabadilika, simamisha gari, na hilo nililiruka. Nilijiambia, kona moja tu zaidi, dereva kama huyu hatutampata mwingine. Kona hiyo ikapita, na iliyofuata. Baba akavua kofia, akaigeuza, akatapika ndani yake.

Dereva wa mradi aliposimamisha gari, baba alishuka akishika mlango, akachuchumaa kwenye majani. Nikampa maji. "Samahani, mama," akaniambia. Yeye ndiye aliyeniomba msamaha.

Nilimweleza Daktari kwamba zile sifuri hazikuwa za kweli. Hakunigombeza. Alisema hutokea, mshiriki mmoja akiondolewa hakuna kinachoharibika, akamwondoa. Kwa hiyo safari ile haikutumika kwa lolote.

Kwa baba, lakini, iliendelea. Daktari alikuwa ametuonya kwamba mtu akichafukwa hivyo ubongo huweza kuishika harufu na kuikataa baadaye, kama mtu aliyekula chakula kikamdhuru. Wiki iliyofuata nilimpeleka kliniki kwa teksi. Hatukufika hata barabara kuu. Harufu ya mafuta ilimtia kichefuchefu tukashuka, yeye ambaye nguo zake zilinuka dizeli maisha yangu yote ya utoto. Tangu siku hiyo kliniki tulikwenda kwa miguu, taratibu, ameshika bega langu.

Kisha simu ikaja kutoka Kilolo. Shangazi, dada yake mkubwa aliyemlea, amefariki, na mazishi ni kesho yake.

Niliazima gari, tukatoka alfajiri. Nilimweka kiti cha mbele, dirisha wazi, tangawizi mfukoni. Tulisimama Chimala, tukasimama Igawa, halafu hata pasipo na kijiji. Baada ya Makambako nikaanza kumtajia njia, maana mwili ukijua kinachokuja hujiandaa. "Kona kushoto, baba. Tuta hilo. Lori linatupita." Ilimsaidia kidogo. Mafinga alikunywa chai. Lakini mlima wa kwenda Kilolo ulimshinda tena, na tulipofika, kaburi lilikuwa limeshafunikwa na kina mama walikuwa wakichomeka maua kwenye udongo mbichi.

Mtoto wa shangazi alikuja kutupokea. "Mjomba, tuliwasubiri mpaka padri akasema hapana."

"Gari lilitusumbua njiani," baba akamjibu. Akapiga magoti kaburini, akatafuta msalaba kwa mkono.

Jioni tulikaa pembeni ya moto. Nikamwambia, "Baba, siku ile niliona unaumwa. Nilipaswa kusimamisha gari."

"Nilijua unaniona," akasema. "Nikasema moyoni, akinishusha, wenzake watasema baba yake kashindwa. Acha hayo, kula ugali."

Nilidhani nikishamwambia nitapumua. Sikupumua. Angenigombeza, ningejua pa kuanzia.

Hakurudi Mbeya. Anaishi nyumbani kwetu karibu na Tosamaganga, na dawa za macho mdogo wangu humchukulia mjini. Mwili huweza kuzoezwa upya, kidogokidogo, kwa hiyo kila mwezi ninapokwenda tunakaa kwenye gari la jirani. Mara ya kwanza hatukuwasha injini, tulikaa tu milango wazi. Baadaye tukaenda mpaka kanisani. Mwezi uliopita tulifika Ipogolo, nami nilikuwa nikimtazama usoni zaidi kuliko nilivyotazama barabara, mpaka akanikaripia.

"Angalia mbele, mama. Mimi nikiumwa nitakwambia."

Sikumwamini. Nikaegesha pembeni, nikazima gari, tukakaa. Akafungua kioo, akaagiza mahindi ya kuchoma kwa mama aliyekuwa akiyauza karibu, akala yote.