Vitenge vya harusi vilivyopita njia tatu

Saa tatu asubuhi, theluji bado haijazolewa kwenye maegesho, na Emérence Bagula ana simu moja sikioni huku nyingine ikitetema mezani. Ofisi yake iko ubavuni mwa ghala moja huko Hilliard, nje kidogo ya Columbus, Ohio. Nyuma ya ukuta foklifti zinalia. Mbele yake kompyuta inaonyesha ramani ya bahari ya Pasifiki, na meli zimetapakaa juu yake kama mchele uliomwagika mkekani.

"Mama, bintu byako biko juu ya maji," anamwambia mteja wake kwa Kiswahili cha Bukavu. "Kama bikifika nitakuita miye mwenyewe. Usilie, donc. Bahari haina na barabara ya mkato."

Anakata simu, anacheka, anavuta kikombe chake cha chai ya maziwa. Imeshapoa. Anainywa hivyo hivyo.

Kazi yake, ukiieleza kwa haraka, ni kuchagua njia. Wauzaji wa mtandaoni wanaagiza viatu, taa na midoli kutoka viwanda vya China. Mtu fulani lazima aamue mzigo upande meli ya kampuni gani, ushukie bandari ipi, kisha umalizie safari kwa treni au kwa lori. Mtu huyo, kwa wateja wengi wadogo wa ofisi hii, ni mama huyu wa watoto wanne aliyekulia Bukavu na kukaa kambini miaka tisa kabla ya kuletwa Marekani.

Hakuanzia mezani. Alianzia ghalani, upande wa pili wa ukuta huohuo, akibeba makatoni.

"Bon, miye nilikuwaka nabeba tu," anasimulia. "Siku moja nikajiuliza, hii kiatu ilipita wapi mpaka ifike apa mu mikono yangu? Nikaanza kuuliza. Batu balichoka na maswali yangu, bakanipatia kiti."

Ndivyo anavyopenda kusema. Ukweli ni kwamba alisoma jioni kwa miaka miwili, watoto wakimsahihisha matamshi. Yeye huwasemesha kwa Kiswahili nao humjibu kwa Kiingereza, na kwa namna hiyo nyumba nzima ilijifunza majina ya bandari.

Lakini ukiwauliza akina mama wa Kikongo wa Columbus, Louisville na Buffalo wanamjua Emérence kwa lipi, hawatakutajia viatu wala midoli. Watakutajia vitenge vya harusi ya Chimène.

Kwa watu wa Kivu, harusi bila sare si harusi. Ndugu wa pande zote mbili na marafiki wa karibu hushona kitambaa kimoja, cha rangi moja na maua yaleyale. Aliyevaa ni wa ndani. Asiyevaa ni mgeni, hata kama alimbeba bibi harusi mgongoni akiwa mchanga.

Chimène alikuwa anaolewa Louisville, kwa mama yake, Mama Jolie. Bwana harusi ni kijana wa Buffalo. Katikati wapo akina mama wa kanisa la Columbus, ambako Chimène aliimba kwaya tangu utotoni. Miji mitatu, kitambaa kimoja, na cha kuchapishwa China kwa maua aliyoyachagua bibi harusi mwenyewe. Emérence akapewa jukumu la kukusanya oda na kuusafirisha mzigo.

Kiwanda kilikuwa tayari. Nafasi kwenye meli ilikuwa imeshikwa. Kilichobaki ni idadi ya watu wa Buffalo, na idadi hiyo haisemwi na yeyote ila shangazi wa bwana harusi, Mama Yudita.

Mama Yudita hakupokea simu. Si kwamba alikuwa na kinyongo. Alikuwa kwenye mfungo wa maombi, simu imezimwa, akiiombea harusi hiyohiyo.

Mtu mwingine angekisia idadi na kufunga oda. Emérence hakuthubutu. "Niliona haya," anasema, na mpaka leo uso unamwiva. "Utafunga aje bikwembe bya ndoa na shangazi hayasema bado? Nikasema, ngoja kidogo. Nikangoja tena kidogo."

Ngojangoja huumiza matumbo. Mama Yudita alipomaliza kufunga, akala uji, akawasha simu na kutoa idadi yake kwa baraka zote, siku ya mwisho ya kupokea mizigo bandarini ilikuwa imepita. Meli iliondoka bila vitenge, na ile iliyofuata ilikuwa imejaa.

Hapo ndipo ungeona ufundi wa mama huyu, maana kulia alilia, kisha akanawa uso akarudi kwenye ramani.

Njia ya bei nafuu, inayopita mfereji wa Panama hadi New York, ingechukua zaidi ya mwezi. Vitenge vingefika maharusi wameshazoea kugombania blanketi. Njia ya Los Angeles na treni ilikuwa ya haraka, lakini makontena yalikuwa yamerundikana stesheni yakisubiri mabehewa. Njia ya tatu ni kushukia magharibi mwa Kanada, ambako safari ya majini ni fupi, kisha treni hadi Toronto na lori kuvuka daraja kuingia Buffalo. Huko kampuni moja ya meli ilikuwa na nafasi, ila ndogo. Na ndege ya mizigo hadi Louisville ilikuwepo, kwa bei ya kumtoa mtu machozi.

Hakuna njia moja iliyotosha. Akaamua kuugawa mzigo katika njia zote tatu za haraka: sehemu kwa ndege, sehemu kwa Kanada, sehemu kwa Los Angeles.

Mpaka hapo, ofisi nzima ilimuunga mkono. Hesabu ilionekana nyepesi: vitenge vya Louisville vije na ndege ya Louisville, vya Buffalo vipite Kanada, vya Columbus vije kwa treni. Kila mji na njia yake.

Emérence alikataa. Akakiandikia kiwanda kifungue marobota yote na kuyafunga upya, kila robota likiwa na vitenge vya miji yote mitatu. Wenzake walimshangaa. Ilimaanisha kila mzigo ukifika ufunguliwe, ugawanywe, upakiwe tena kwenye magari kwenda miji mingine miwili. Usumbufu mtupu.

"Niliwaambia, ninyi munaangalia anwani, miye naangalia ndoa," anasema. "Njia moja ikifa, batu ba Louisville bavae, ba Buffalo bakose? Ile itakuwa ndoa ao vita? Kama ni kukosa, tukose bote."

Nauli ya ndege aliichangia kwa likelemba yake, mchango wa zamu wa akina mama wa kanisa, ambao mwezi ule ulikuwa wake. Alikuwa ameutengea jambo alilolitamani kwa miaka: kufungua ofisi yake mwenyewe. Aliutoa bila kumwambia mtu. Na fungu lake mwenyewe la kitenge akaliweka kwenye njia aliyoiogopa kuliko zote, ya Los Angeles.

Ndege ilifika. Lori la Kanada likavuka daraja, na vijana wa kanisa la Buffalo wakaendesha mchana kutwa hadi Louisville. Kontena la Los Angeles likakwama stesheni, kama alivyohofia, na halikutikisika hadi harusi ikapita.

Basi asubuhi, siku moja kabla ya harusi, sebuleni kwa Mama Jolie, cherehani zilinguruma huku kila upande ukiwa na pengo. Louisville walipungukiwa, Buffalo walipungukiwa, Columbus vilevile. Hakuna aliyeweza kusema amedharauliwa. Lakini wapo waliokuwa wamekaa ukutani, mikono mitupu, na Emérence hakuweza kuwatazama.

Mama Yudita aliingia na kitenge chake kamili, kizima, kimekunjwa kwapani. Akawatazama wale wa ukutani.

"Mkasi iko wapi?" akauliza.

"Mama, hicho ni chako," Mama Jolie akamzuia. "Wewe ni shangazi."

"Ni miye nilikawisha batu. Leta mkasi."

Akakikata. Nusu akampa mama mmoja wa Columbus asiyemjua hata jina. Baada ya hapo nani angebaki na kitenge kizima? Mikasi ikafanya kazi. Waliokusudia gauni wakashona sketi, waliokusudia sketi wakafunga vilemba. Kipande cha mwisho, kilichotosha kichwa kimoja, kesho yake mlangoni mwa kanisa Mama Yudita alimfunga nacho Emérence kwa mikono yake, akakaza fundo, akamsukuma atangulie kuingia kanisani.

Emérence anakiri kwamba hakusikia hata neno moja la mahubiri. Alikuwa analia.

Siri ya likelemba haikukaa. Lini siri imekaa kanisani? Kontena lilipofika hatimaye, akina mama wa miji mitatu walikataa kuvichukua vitenge vyao. Walimwambia aviuze mtandaoni, iwe mbegu ya ofisi. Ameshaviuza vyote. Sasa anatafuta chumba Westerville, karibu na nyumbani, na anatarajia kufungua kabla ya msimu wa harusi za kiangazi. Atashughulika na mizigo ya wauzaji wadogo, wale ambao kampuni kubwa haziwapigii simu.

Ana sheria moja mpya: siku meli inapofunga kupokea mizigo, oda inafungwa. Kwa upande wa Buffalo, aliyemteua kuisimamia sheria hiyo ni Mama Yudita. Wanaomfahamu wanasema hapendezi hata kidogo ukichelewa, na simu yake haizimwi tena, awe amefunga au amekula.

Nilimpigia nimuulize kama kazi hiyo haimwondolei heshima ya ushangazi, kuwafukuza ndugu kwenye oda kwa sababu ya siku moja. Alicheka mpaka akakohoa.

"Nilimwambia Emérence, hata miye usiningoje tena," alisema. "Nikikawia, funga, uniache. Meli haina na shangazi."