Geji za Lori la Mzee Sikio

Jina la Sikio hakulipata bure. Enzi zake, dereva yule angesimama kando ya barabara, lori la mwenzake likampita, naye akasema, "Lori lile, feni belti yake imelegea." Haupiti muda, unamkuta mwenzake amekwama mbele, boneti juu, anatukana.

Lori lake mwenyewe lilikuwa la kizamani, boneti ndefu, taa kama macho ya bundi. Geji zote za dashibodi zilikufa miaka mingi iliyopita, na yeye akajivunia hilo. "Geji ni za viziwi," alikuwa akisema, halafu anacheka peke yake. Loo! Maneno mengine bora mtu ayameze. Maana masikio yale yale yalikuwa yameanza kumsaliti. Ilianza kumpotea milio ya ndege, ikafuata ya simu, na sasa hata injini aliisikia kama mtu anayezungumza kutoka chini ya blanketi.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Wanawe walikuwa wanatafuta kisingizio tu cha kumnyang'anya funguo, na bila lori angebaki nyumbani kufukuza kuku. Ndiyo maana asubuhi ile alijikaza kisabuni, akalipeleka gereji kwa fundi umeme, binti wa kaka wa mkewe, akaomba geji mpya zote.

"Wewe, Mjomba? Geji?" Binti alibaki na bisibisi hewani. "Si ulisema ni za viziwi?"

"Nataka lipendeze tu," akajibu, akajitia kukagua tairi.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi la gereji, kimya, mkoba mapajani. Huyu naye alikuwa balaa lake jingine. Siku hizi aling'ang'ania kusafiri naye kila safari, na njiani ni hilo hilo: simama, nimebanwa! Mzee anasimama huku ananung'unika, mama anatokomea kichakani, na yeye, kwa kukosa la kufanya, anafungua boneti na kuchungulia injini. Zaidi ya mara moja alikuta rejeta inakaribia kuchemka, akashukuru bahati yake.

Binti akafungua dashibodi. Ndani ya geji moja mlikuwa na nyigu aliyekauka, wakacheka. Lakini alipozifunga zile mpya hakuziamini hata kidogo.

"Vitu vipya navyo vinadanganya," alisema. Akatumbukiza sensa ya joto, kile kidude kinachoipa geji habari, kwenye kopo la maji juu ya jiko, waya umeunganishwa, na kadiri maji yalivyopata moto mshale ukapanda taratibu. Akalinyanyua boya la tangi la mafuta kwa mkono, mshale ukasema limejaa. Akalishusha, ukasema tupu. Kwa presha ya oili alichomoa sensa, akafunga kwenye injini geji yake ya kupimia, akawasha na kusoma, kisha akarudisha sensa na waya wake na kulinganisha. Zikasema neno moja. Mzee Sikio alikuwa amekodoa macho muda wote, asipitwe na kitu.

"Sasa tuzijaribu barabarani," binti akasema. Wakapanda wote watatu, mama katikati.

Wakiwa kwenye mlima, lori linajikokota kwa gia ya pili, mzee akatupia jicho dashibodi. Mshale wa oili ulikuwa umelala kwenye sifuri.

Mungu wangu! Akaegesha pembeni, mkono ukaenda kwenye swichi.

"Ngoja kidogo tu," binti akamzuia. "Kama oili haifiki kweli, injini itagonga. Mimi ni mtu wa nyaya, hii injini unaijua wewe. Inagonga, Mjomba?"

Akasikiliza. Blanketi lile lile. Akisema haigongi na kumbe inagonga, injini inafia pale pale, nayo ndiyo iliyomlisha na kumsomeshea watoto. Akisema inagonga, itapasuliwa bure. Akazima.

"Sijui," akasema. "Sisikii, mwanangu. Masikio yangu yamekwisha."

Alikuwa anaangalia usukani, hakutaka kumwona mtu usoni.

"Haigongi," mkewe akasema. "Mlio ulikuwa ule ule wa siku zote."

"Wewe umejuaje?"

"Nimejuaje! We mzee, ulidhani nina kibofu cha mtoto mchanga? Kila nilipokwambia nimebanwa, hili lori lilikuwa linalia vibaya. Nimechuchumaa kwenye miiba, nimechuchumaa kwenye mvua, sina hata haja, nakungoja wewe ufungue boneti!"

Binti alishuka huku anaumwa mbavu kwa kucheka, akafungua boneti, akaguna. Waya wa sensa ya oili, ule aliourudisha mwenyewe, ulikuwa umechomoka. "Kosa langu," akasema, akaubana kwa koleo. Injini ilipowashwa mshale ukanyanyuka na kutulia mahali pake.

Mzee Sikio akashusha pumzi ndefu. Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na alijua si yote ya kicheko. "Na watoto?" akauliza.

"Watoto nani kawaambia?" mkewe akasema. "Macho unayo, geji unazo. Endesha gari. Mimi kuanzia kesho nakaa nyumbani, nimechoka na vichaka."

Habari hiyo ingemfurahisha jana. Leo ilimchoma. "Usikae nyumbani," akasema polepole. "Njoo tu. Huhitaji kushuka kichakani tena."

Mama alisogea karibu yake kidogo.

Walimshusha binti gereji, wakashika njia ya nyumbani. Hawajafika mbali, mzee akahisi mkono begani.

"Simama."

Akazikagua geji moja moja. Joto sawa. Oili sawa. Chaji sawa. Mafuta tele. Akageuka, amechanganyikiwa. "Mbona kila kitu kizima?"

"Simama bwana!" mkewe akapiga kelele hadi yeye akasikia. "Leo nimebanwa kweli!"