Vitamini Nyuma ya Mapazia

Katika maabara ya hospitali ninakofanya kazi hapa London, tunapima vitamini kwenye damu. Nyingine huharibiwa na mwanga, kwa hiyo mapazia hayafunguliwi na mirija ya damu tunaifunika kwa foili. Mashine mpya ikija, tunaijaribu kwa damu zetu wenyewe.

Safari hii mashine ikasema sina vitamini D ya kutosha, ile inayotokana na jua. Mimi, mtoto wa Tanga! Nikamshuku mwenzangu, Mhindi mzaliwa wa Nairobi anayekaa mtaa wa Kenton. Tangu aanze kuniletea chai bila kuombwa, nilikuwa simwamini. Nikajua tu kabadilisha mirija. Nikarudia kipimo huku nimeikodolea macho mikono yake. Jibu likawa lilelile.

“Damu yangu umeipeleka wapi?” nikamuuliza.

Alikwenda dirishani, akavuta pazia, jua la mchana likanipiga usoni.

“Funga!” nikafoka, nikiikinga mirija kwa mwili wangu. “Utaniharibia sampuli!”

Akafunga taratibu.

“Sasa dada,” akasema, “hilo jua lingekupata wapi?”